Begi Lililofeli Mtihani

Mwanangu Sidi,

Barua za watu wenye adabu huanza kwa "mimi sijambo, hofu ni kwako uliye mbali." Mimi hofu nimeianza mapema. Wewe hupo mbali hata kidogo. Uko hapo nyuma ya soko unasukwa nywele, na kwa kichwa chako kilivyo kikubwa, kichwa ulichokirithi kwa mama yako wala si kwangu, sikutarajii kabla ya magharibi. Nina nafasi ya kuandika bila mtu kunichungulia begani na kuzicheka herufi zangu.

Zicheke kesho ukiwa ndani ya basi. Mimi niliishia darasa la saba, na nilitoka kwa miguu yangu mwenyewe, sikufukuzwa kama anavyotangaza mama yako huko Mariakani. Mwalimu wa hesabu alisema sitafika popote. Mwalimu huyo huyo alinijia kibandani juzi na shanta lililokatika mkanda, akaniita fundi. Nilimshonea. Nikamtoza bei ya mzungu.

Sitakuandikia habari za kula, kuoga wala kuamka mapema. Una miaka kumi na tisa. Kama mpaka leo hujui kuoga, Mlima Kenya hauna subira ya kukufunza, maji yake nasikia yanauma kama nyuki. Na habari za wanaume siziandiki, kwa sababu nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na minane, na sina uso wa kuianza hotuba hiyo.

Nakuandikia habari ya begi la kulalia.

Wiki tatu sasa, tangu uitwe kwenda kubeba mizigo ya watalii mlimani, umekuwa ukiniambia, "Baba, nichagulie vitu vyangu." Nasema kesho. Unakuja tena, "Baba, lile begi la kulalia la rangi ya chungwa si linatosha?" Nasema nitaliangalia. Juzi nikakusikia kwenye simu ukimwambia rafiki yako, "Baba yangu ndiye bingwa wa vitu vya kambi pwani nzima, lakini kwa mwanawe mkono umefungwa kwa waya." Nilicheka, maana ulimi huo nimekupa mimi. Kisha nikazunguka nyuma ya kibanda, nikakaa juu ya rundo la mahema, na sikuinuka mpaka muuza madafu aliponiuliza kama nimeumwa na nge.

Si ubahili, Sidi. Naogopa kukupa kitu.

Niache nijisifu kidogo kwanza, maana nikianza na mabaya utadhani barua hii kaandika mtu mwingine. Kutoka Mtwapa hadi Lamu, ni nani mwingine anayejua kulifufua hema? Wageni hulala Watamu wiki mbili, chumvi ya bahari ikianza kuitafuna zipu wanaliacha hema pale pale na kupanda ndege. Mlinzi wa kambi ananiletea mimi. Zipu naisugua kwa kipande cha mshumaa mpaka iteleze kama ahadi za wakati wa kura. Ukungu nauosha kwa ndimu na kulianika hema kivulini, si juani, kwa sababu jua la Malindi likiwa na njaa hula hata nailoni. Tundu naliziba kwa kitambaa cha mwavuli uliokufa. Ufito wa hema ukivunjika nauvisha kipande cha bomba la antena ya televisheni, unasimama wima kuliko ulivyotoka kiwandani. Wewe ulinishikia tochi kwa kazi hizo ungali mdogo, ukisinzia, tochi ikimulika mguu wangu.

Na wale vijana wa chuo wanaotoka Kilifi, wanaotaka kwenda kulala ufukweni na hawana kitu mfukoni, wote ni wanafunzi wangu. Mmoja alikuja ameshika picha ya sufuria ya kambi kwenye simu, bei yake unaweza kununua mbuzi. Nikamwambia, "Wewe, mama yako ana sufuria?" "Anayo." "Ina mkono?" "Unao." "Ung'oe. Umeshanunua." Mwingine akataka chupa ya maji ya chuma. Nikamwambia chupa ya soda haivuji, haina uzito, na ikipotea hulii. Walicheka mpaka wakanunua mashanta mawili ambayo hawakuyajia. Wananiita Profesa. Hapo sokoni ukiuliza Kahindi hujibiwi, uliza Profesa uone.

Hayo yote nayasimamia mpaka leo. Shanta la mtumba linakaa mgongoni sawa na jipya. Mzigo haujui bei ya begi lake. Okoa pesa kwenye sufuria, kwenye tochi, kwenye mkanda, kwenye kila kitu ambacho kikikuharibikia utaaibika tu. Usiokoe kwenye kitu ambacho kikikuharibikia hutaamka. Maneno hayo machache yamenichukua miaka minane kuyajua, na aliyeyalipia si mimi. Ni Charo.

Baba yako mdogo unamkumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Ndiye aliyekuwa akikukalisha juu ya gunia la mahindi kisha analibeba gunia na wewe juu yake, unapiga kelele, anazunguka nalo boma zima kule kwetu Adu mpaka bibi yako anatishia kumwaga uji. Nguvu zile ndizo zilizomfanya aitwe mlimani. Kazi hiyo hiyo unayoiendea wewe. Wakati huo uliambiwa alikufa kwa kifua. Ulipokua kidogo ukasikia maneno mengine, ukaniuliza, nikakwambia nenda kachote maji. Leo sikutumi maji.

Charo alikuja kibandani kwangu siku mbili kabla ya safari. Nayakumbuka maneno yetu kama shahada.

"Kaka, wenyeji wa huko wanasema kuna duka la kukodi begi la kulalia. Nikodi?"

"Ukodi? Na mimi niko hai?"

"Wanasema kuna baridi, kaka."

"Hata Malindi kuna baridi, mwezi wa saba. Ulikufa?"

Akacheka. "Basi nipe, lakini nipe zuri. Usinipe yale unayowauzia wanafunzi."

"Wewe ni damu yangu, mjinga wee. Pesa ya kukodi itie mfukoni, utanunulia soda."

Siku hiyo nilikuwa na mabegi mawili ya kulalia, yote kaniletea mlinzi mmoja. La kwanza lilikuwa la kijani, jembamba, laini kama kanga ya harusi, halina hata doa. La pili lilikuwa jeusi, limefura kama chura, zipu imekatika, na ndani yake manyoya ya bata yanachomoza kwenye mshono. Linanuka kuku. Kila moja lina kibandiko chake cha maandishi. Sasa wewe unajua mimi siachi maandishi yakanipita. Nikayasoma mbele ya Charo kwa sauti, kama hakimu. La kijani limeandikwa kumi na tano. Jeusi limeandikwa kistari kidogo, kisha kumi.

"Unaona hiki kistari?" nikamwambia. "Hii ni alama ya kutoa. Begi hili limetolewa maksi kumi. Limefeli mtihani."

"Na la kijani?"

"Kumi na tano, safi. Huyu ni namba wani."

Sidi, mimi nilidhani ni kama betri, namba kubwa ndiyo nguvu kubwa. Nani wa kunisahihisha? Sote pale sokoni tumezaliwa kwenye joto, tutakufa kwenye joto. Baridi kwetu ni upepo wa kusi, unavaa sweta asubuhi, saa nne umelivua. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba namba ile ni ya baridi yenyewe, kwamba la kijani linamfaa mtu mpaka joto la nyuzi kumi na tano basi, chini ya hapo ni shuka. Na kwamba jeusi, lile lililonuka kuku, lile lililofeli, ndilo lililojengwa kwa usiku ambao maji yanakuwa mawe.

Na bado nilitaka kuhakikisha. Mimi siuzi kitu bila kukijaribu, huo ndio ubingwa wangu. Ilikuwa saa saba mchana, bati la kibanda linalia kwa jua. Nikamwambia Charo aingie kwenye la kijani. Akaingia, nikamfunga zipu mpaka kidevuni. Watu wakaanza kukusanyika, muuza madafu, akina mama wa mboga, wote.

"Unasikiaje?"

"Nachemka, kaka."

"Sema kwa nguvu wasikie!"

"Nachemka! Nifungulie, nakufa!"

"Mmeona?" nikawapigia kelele watu. "Hata robo saa haijafika! Jasho limemtoka mpaka masikioni! Hili ndilo begi, hili ndilo kiboko ya baridi!"

Wakapiga makofi. Charo akatoka amelowa kama aliyeoga, anacheka, ananikumbatia. Sisi wawili tukaamini. Tulilijaribu begi la baridi chini ya bati la Malindi, mchana wa jua, likafaulu.

Lile jeusi nikamwachia mama mmoja anayeshona mito, nikaona nimemuuzia takataka, nikajisikia mjanja. Alilipasua, akatoa manyoya, akajaza mito yake. Kuna watu katika mji huu mpaka leo wanalaza vichwa vyao juu ya kitu ambacho kingemrudisha ndugu yangu nyumbani.

Na sehemu hii ndiyo inayonitafuna zaidi, nisikufiche. Sikumdhulumu. Nilimpa zuri. Laiti ningekuwa na choyo siku ile, laiti ningemfanyia ule ujanja niliokuwa nikiwafanyia wanafunzi, nikamtupia lile baya nikabaki na lile la kupendeza niliuze Watamu, Charo angekuwa hai, amenuna, ananidai radhi. Mapenzi yangu ndiyo yaliyomuua. Ubahili wangu ungemwokoa.

Waliomleta walikuwa watu wawili na gari. Mmoja ndiye aliyekuwa msimamizi wao mlimani, mtu mzima wa bara, mpole, Kiswahili chake cha kukata kata. Aliniita pembeni. Alikuwa ameshika lile begi la kijani, amelikunja vizuri kama bendera.

Akanieleza. Mvua iliwakuta njiani siku ya pili, wakafika kambini wamelowa. Wenzake walimwuliza Charo, "Wewe wa pwani, uko sawa?" Akawaambia yuko sawa. Wakamwuliza tena usiku, wakasikia meno yake yanagongana. Mmoja akamwambia njoo tubanane hapa kwetu. Charo akajibu, "Kaka yangu ni Profesa wa vitu hivi. Hili begi linatoa jasho, ngoja tu lipate moto." Baadaye akaacha kutetemeka. Wakadhani amepata moto kweli. Asubuhi alikuwa akizungumza kama mlevi, anamwita bibi yako, anataka kuvua nguo. Walimbeba chini kwa zamu. Hawakufika naye akiwa hai.

"Mzee," akaniambia, nami sikuwa mzee, nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, "hii begi ni ya kiangazi. Ni ya watoto kulala sebuleni. Kuna mtu alimwambia inatosha. Ni nani?"

Nilimtazama machoni, Sidi.

"Sijui," nikasema. "Alinunua mwenyewe Mombasa."

Akatikisa kichwa, akanipa begi, akanipa pole. Nililichoma nyuma ya kibanda. Lilinuka wiki nzima, na nikawaambia majirani nachoma mipira.

Ningekuwa nimeishia hapo ningekuwa mjinga tu, na wajinga ni wengi, tunajazana. Lakini tulikwenda kuzika Adu.

Unajua watu wetu wa Adu. Mtu akianguka mnazini wanaelewa. Akiumwa na nyoka wanaelewa. Ukiwaambia mwanamume mzima, mwenye kifua kama mlango, ameuawa na baridi, wanakutazama kama umewaambia ameuawa na kivuli. "Baridi?" akasema shangazi yangu. "Baridi ni ya kuua mtu? Kwani yeye ni kifaranga?" Mwingine akaguna. Mwingine akasema neno lile linalosemwa siku zote, "Si bure."

Na hapo wakakumbuka Tsawe Ngala. Wewe ulikuwa ukimwita babu, ndugu mkubwa wa baba yangu, yule aliyekuwa akikuchongea vijiko vya kifuu. Siku Charo alipokwenda kumuaga, mzee alimshika mkono akamwambia, watu wanasikia, "Mwili wako umezoea jua, mwanangu. Huko juu kunaua. Nilikwenda ujanani na mifugo ya mzungu, niliona watu wakifa wamekaa. Usipande." Ndiye mtu pekee katika ukoo wetu aliyejua baridi ni nini. Na kwa sababu alijua, wakamwuliza alijuaje.

"Alisema kunaua. Kukaua. Alijuaje?"

"Na macho yale mekundu."

"Na tangu mkewe afe, anakaa peke yake anafanya nini?"

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mfiwa mkuu, nimepewa chai. Nilikuwa na maneno saba tu ya kusema. Begi nilimpa mimi, namba niliisoma vibaya mimi. Yalikuwa hapa, kooni. Lakini waliokuwa pale wote walikuwa wakiniita Profesa, hata Adu jina lilikuwa limefika, na nikawaza watakavyocheka. Ndiyo, Sidi. Msibani, ndugu yangu kwenye sanduku, mimi nawaza watakavyocheka. Mzee Ngala alinitazama kutoka upande wa pili wa uwanja. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kumeza. Nikainamisha uso kwenye chai.

Siku ya tatu paa la nyumba yake likawaka moto. Alitoka na nguo aliyovaa. Wasamaria wakampeleka Kilifi, kwenye nyumba moja wanakowahifadhi wazee waliofukuzwa kwao, na nilipoulizwa nikasema mimi sikuwapo. Kwa kuwapo, sikuwapo. Nilikuwa nimelala ndani, nasikia makuti yanavyolia.

Nilikwenda kumtazama mara moja tu, baada ya mwaka na kitu. Nilimpelekea sweta, la mtumba, zuri. Alikuwa amepungua, anakaa kwenye benchi na wazee wenzake, kila mmoja na ukoo wake uliomtupa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Nani?"

"Kahindi."

"Ahaa. Profesa." Akalishika lile sweta, akalipapasa. "Charo alikufa na nini?"

"Baridi, baba mkubwa."

"Umewaambia?"

"Bado."

"Basi," akasema. Akanirudishia sweta.

Nilikaa pale labda saa nzima. Nilirudi Malindi na ahadi moyoni kwamba mwezi unaofuata nitakwenda Adu, nitawakusanya watu, nitasema. Mwezi ukaja na mambo yake. Mzee akafa huko huko Kilifi, akazikwa huko huko, na wanawe mpaka leo hawatusalimii njiani, wakiamini sisi tuliamini baba yao ni mchawi. Wana haki. Ubaya wake ni kwamba mimi sikuamini hata siku moja.

Utaniuliza kwa nini siendi sasa. Niende nikamsafishe nani? Mwenyewe hayupo. Wengi wa waliopeleka moto wamezeeka, wengine wao sasa wana macho mekundu na wanaishi kwa hofu kwamba zamu yao imefika. Ningekwambia kwamba nitakwenda, na barua ingependeza zaidi. Lakini nimekwisha kujiahidi mara nyingi mno, na mimi ahadi zangu nazijua kama ninavyozijua zipu za mtumba: zinafunga ukiwa unaangalia. Nadhani naogopa kuitwa mjinga kuliko ninavyoogopa kuitwa muuaji. Ni jambo la aibu kuliandika, nami nimeliandika.

Sasa turudi kwako, kiburi changu, mdomo mkubwa.

Baada ya Charo nilijifunza kuvisoma vibandiko. Nilimwuliza mgeni mmoja Watamu, akanieleza kwa kuchora mchangani. Tangu ulipoitwa, kila mlinzi kutoka hapa hadi Kilifi ameniona mlangoni kwake. Nimetafuta begi lenye kistari. Nimepata moja. Mke wa mlinzi alikuwa amelifua kwa sabuni ya unga na kulikamua kama tambara la deki, na manyoya yameshikana mabonge kama uji wa jana. Nililiweka kivulini siku nne nikilipigapiga kwa mkono. Halikufufuka. Profesa wa kufufua alishindwa. Mapya yapo madukani Nairobi, nimeona bei kwenye simu, nikaizima simu.

Lile la chungwa ulilolitamani limeandikwa kumi na mbili, bila kistari. Ni zuri kwa kulalia kibarazani na kuwaringia majirani. Ulikuwa umelifungasha tayari kwenye shanta, ukadhani sioni. Nimelitoa. Utakuta nafasi tupu, na kwenye nafasi hiyo kuna bahasha. Nimeiuza baiskeli yangu. Kodi begi huko huko, na usikodi kabla hujauliza watu watatu wasiojuana, na hata hapo lipapase mwenyewe kama limefura. Pesa hizo zitafika safari ya kwanza na pengine ya pili. Ya tatu sijui. Mshahara wa wapagazi nimeulizia, na sitaki kuuandika hapa ukauona kabla hujafika. Sina cha kukuongeza. Nimeigeuza mifuko yangu yote, hata ya suruali niliyovaa.

Nilikwambia usiende, ukaniuliza, "Basi nikae hapa nifanye nini, Baba? Nikushikie tochi?" Nilikasirika, nikakwambia huna adabu. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo nimelitafuta kama nilivyolitafuta begi. Shamba la Adu halijaona mvua ya maana. Hoteli zinawaachisha watu kazi. Hata mahema yamepungua, wageni wa siku hizi hulala kwenye vyumba. Kama kungekuwa na kitu kimoja hapa cha kukuzuia nacho, ningekwisha kukitumia, hata kwa hila. Sina. Nakuacha uende mahali palipomuua ndugu yangu kwa sababu mahali pengine hakuna. Sitaki kulivisha jambo hili nguo nzuri.

Usinipigie simu ukimaliza kusoma. Nitajifanya mtandao mbovu. Na usimwambie mama yako habari ya baiskeli, atapata la kusema mwaka mzima.

Nimewasikia watu wakisema mvumilivu hula mbivu. Charo alikuwa mvumilivu. Wewe usivumilie. Baridi ikikuingia usingoje begi lipate moto, usingoje asubuhi, usiangalie kama wenzako wanalala. Piga kelele. Lia kama ulivyolia siku ile niliyokunyoa kwa wembe butu, soko zima likaja. Waambie, "Nasikia baridi," na wasipoamka waambie tena, wavue blanketi, wang'ate. Watakucheka. Watasema mtoto wa pwani amelegea. Wacha wacheke, kucheka kwao hakuna baridi.

Na najua huko utajisifu, kwa sababu umetoka kwangu. Utawaambia habari za kibanda, na Profesa, na nani anayejua kulifufua hema kutoka Mtwapa hadi Lamu. Basi siku utakapokuwa unatetemeka, na mmoja wao akakuuliza, "Wewe si ulisema baba yako ni bingwa wa vitu hivi?", usinilindie jina. Mjibu kwamba uliambiwa hivyo, na aliyekuambia ni huyo bingwa mwenyewe.

Baba yako,
Kahindi